Kukarabati nyumba ya vyumba vya kupangisha Nyanda za Juu Kusini: maji kwanza, kuta na paa zifuate

Mwenye nyumba akipata hela ya ukarabati, mara nyingi anaanzia panapoonekana: rangi, vigae, jipsamu, geti. Misimu miwili ya mvua ikipita, rangi imebanduka chini ya ukuta, jipsamu ina madoa ya njano, na ule ufa uliofunikwa na plasta umerudi palepale. Nyumba ya tofali huanza kuharibika kwenye maungio yake: ukuta unapokutana na ardhi, ukuta na ukuta mwenzake, na ukuta na paa. Mwongozo huu unafuata maungio hayo, kwa mpangilio unaokuwezesha kufanya kazi kwa awamu, wapangaji wakiwemo ndani.

Hesabu zote hapa ni za nyumba moja ya mfano, ya aina inayoonekana kila mtaa kuanzia Uyole hadi Iyunga jijini Mbeya: vyumba sita kwa mstari mmoja, mita 18 kwa 3.5, ukuta wa tofali za kuchoma unene wa inchi 9, baraza mbele, na paa la mita za mraba 100 hivi. Urefu wa kuta zote kwa pamoja, pamoja na zile za kugawa vyumba, ni mita 60.5. Nyumba yako ikiwa kubwa au ndogo, zidisha au punguza kwa uwiano. Bei hatujaziandika kwa sababu zinabadilika kila msimu. Idadi ya mifuko na nondo haibadiliki.

Kwa nini tunasisitiza kufunga kuta, wakati watu wengi hapa wanaogopa mvua kuliko kitu kingine? Kwa sababu Mbeya imekaa pale matawi ya Bonde la Ufa yanapokutana, la Rukwa na la Ziwa Nyasa. Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko linalokadiriwa kuwa la ukubwa wa 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyowahi kurekodiwa Afrika. Desemba 2009 Karonga, ng'ambo ya mpaka wa Kyela, ilitikiswa mara kwa mara kwa wiki kadhaa. Na Septemba 2016 Kagera ilipigwa na la 5.9, ambalo kwa vipimo vya dunia ni la wastani, lakini nyumba nyingi za tofali zisizofungwa zilianguka au kupasuka. Habari njema ni kwamba mkanda uleule, wa zege au waya unaozunguka kuta zote, unaozuia kuta kuachana wakati wa tetemeko ndio unaoshikilia paa wakati wa upepo na kupunguza nyufa msingi unaposhuka kidogo. Unalipia mara moja.

Kalenda ya kazi

Kazi ya kufungua paa ifanyike Agosti hadi katikati ya Oktoba. Juni na Julai usiku una baridi kali na zege hukomaa polepole. Novemba mvua zimeshaanza. Mitaro na kazi za chini unaweza kuanza Mei, ardhi ikiwa bado laini kuchimba. Kabla ya yote nenda halmashauri uulizie kibali: kupaka rangi hakuna tatizo, lakini kubomoa ukuta, kuongeza chumba au kubadilisha paa ni ujenzi, na kusimamishwa na mkaguzi paa likiwa wazi ni hasara mara mbili.

Jiwekee vyumba viwili vitupu. Mpangaji akitoka, usipangishe tena hadi kazi iishe. Wa vyumba vinavyotengenezwa wanahamia humo kwa zamu, na waambie tarehe mapema, siyo siku fundi anapofika na nyundo.

Hatua ya 1: Soma nyufa kabla ya kununua chochote

Chukua timazi, tepu, penseli, tochi na ngazi. Zunguka nje kwanza, kisha ingia kila chumba. Chora ramani ya nyumba kwenye karatasi na uweke kila ufa mahali pake.

Ufa unaoshuka kama ngazi kutoka kona ya dirisha maana yake msingi umeshuka upande mmoja. Tazama juu yake: karibu kila mara utakuta maji ya paa yanamwagikia hapo, au kuna chemba inayovuja. Ufa wima kwenye kona, au pale ukuta wa kugawa vyumba unapokutana na wa nje, unaonyesha tofali hazikung'atana. Ni ugonjwa wa vyumba vilivyoongezwa baadaye. Ufa wa kulala karibu na juu, chini ya mbao zinazobeba kenchi (fremu za mbao za paa), ni paa linalousukuma au kuunyanyua ukuta. Kwa walioko Mbarali kwenye udongo mweusi wa Usangu kuna aina nyingine: ufa unaofunguka kiangazi na kujibana masika. Huo ni udongo unaovimba na kusinyaa, na hakuna plasta itakayoutibu. Dawa yake ni kuhakikisha maji hayaloweshi msingi upande mmoja huku mwingine ukibaki mkavu.

Ujue kama ufa bado unatembea. Paka kiraka chembamba cha saruji juu yake, sentimita 10 kwa 5, unene wa milimita 5, na ukwaruze tarehe kwa msumari kikiwa kibichi. Kiraka kikipasuka kabla ya masika kuisha, ufa uko hai. Kuuziba sasa ni kupoteza saruji.

Ufa mwembamba kuliko milimita 1 uache kwa mpaka rangi. Kati ya 1 na 5 unashonwa, tutaeleza mbele. Ukizidi milimita 5, au timazi ikionyesha ukuta umeinama zaidi ya milimita 25 kutoka juu hadi chini, mwite mhandisi aliyesajiliwa na ERB, bodi ya usajili wa wahandisi. Malipo ya ukaguzi wake ni madogo ukilinganisha na ukuta.

Kwaruza pia viungo vya tofali kwa msumari. Ukizama kirahisi na kutoa vumbi jekundu, ukuta umejengwa kwa tope. Nyumba nyingi za zamani ziko hivyo na bado zinatengenezeka, ila jambo hili linabadilisha aina ya plasta na namna ya kufunga kuta, kwa hiyo liandike.

Mwisho, geuka uangalie mlima. Aprili 2024 tope lililoporomoka kutoka Mlima Kawetere lilifunika nyumba katika kata ya Itezi, jijini Mbeya. Kama nyuma ya nyumba yako kuna kingo iliyokatwa wima, na juu yake kuna nyufa za ardhi, miti iliyoinama au chemchemi mpya, hela ya ukarabati isubiri kwanza. Mkanda wa zege hauzuii mlima.

Hatua ya 2: Toa maji kwenye miguu ya nyumba

Fanya hesabu moja ndogo. Kila milimita moja ya mvua kwenye paa la mita za mraba 100 ni lita 100. Mvua nzito ya mchana mmoja, milimita 50, inamwaga karibu lita 5,000, na bila gata zote zinaanguka kwenye mstari mmoja nusu mita kutoka kwenye msingi. Ukiwaza hivyo, mfereji unaoonekana chini ya ukapi wa paa, yaani ukingo wake wa chini, haushangazi tena.

Utaratibu ni huu. Shusha udongo wa nje uwe angalau sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani. Kwenye nyumba nyingi udongo umepanda miaka kwa miaka kwa kufagia na kumwaga majivu. Zungusha jamvi la nje, yaani sakafu ya zege kuzunguka nyumba, lenye upana wa sentimita 75 na unene wa sentimita 7.5, juu ya kokoto au moramu iliyoshindiliwa, likiteremka nje sentimita 2 hadi 3. Likate vipande kila mita 2 kwa kupitisha mbao nyembamba wakati wa kumwaga, la sivyo litajikata lenyewe kwa njia linayotaka. Pembeni ya jamvi weka mfereji wenye mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita, unaoishia mbali na nyumba na siyo uani kwa jirani.

Gata zifungwe kwenye fisha bodi (ubao wa ukingoni mwa paa) kwa vishikizo kila sentimita 60, zikiteremka milimita 5 kwa mita, na bomba la inchi 3 au 4 kila mwisho. Vishikizo vya mbali ndivyo vinavyofanya gata ipinde tumbo katikati na kumwagia maji ukutani. Ukiweka tanki la lita 5,000, kumbuka likijaa ni tani tano: lijengee jukwaa lake lenye msingi wake, kwenye ardhi ngumu ambayo haijajazwa kifusi, na lisiegemee ukuta wa chumba. Mvua za kwanza za Novemba chomoa bomba la kuingilia tankini. Paa linakuwa na vumbi na moshi wa kiangazi kizima.

Maji ya bafuni nayo yapelekwe upande wa chini wa kiwanja. Shimo la kunyonya likiwa juu ya nyumba kwenye mteremko, unalowesha udongo uliobeba msingi mwaka mzima, hata kiangazi.

Ukuta wenye unyevu na chumvi nyeupe chini usiufunike kwa plasta kali ya saruji. Maji hayakauki, yanapanda tu juu ya plasta mpya na kutokea kwenye usawa wa kitanda. Shusha udongo, weka jamvi, bandua plasta iliyooza sentimita 30 juu ya alama ya unyevu, uache ukuta upumue kiangazi chote.

Hatua ya 3: Funga kuta

Kuna njia mbili. Kama paa linatolewa, mwaga mkanda wa zege juu ya kuta zote. Kama bati bado ni zima na hulitoi, tumia mkanda wa waya.

*Mkanda wa zege.* Ni sentimita 23 kwa 20, unaopita juu ya kila ukuta wa nje na wa ndani bila kukatika. Kwa mita 60.5 utahitaji:

- saruji mifuko 20
- mchanga mita za ujazo 1.4, kokoto 2.8
- nondo za mm 12, vipande 25 vya mita 12
- nondo za mm 8 kwa ajili ya ringi zinazozunguka nondo kuu, vipande 29; kila kipande kinatoa ringi 14 za sentimita 82, na zinahitajika karibu 400
- nondo laini za mm 6 za kushikia kenchi
- waya wa kufungia kilo 5, mbao za boksi na mirunda

Fungua paa la vyumba viwili kwa wakati mmoja. Ng'oa kozi (mistari ya tofali) mbili au tatu za juu ambazo zimelegea, safisha vumbi na ulowanishe ukuta. Nondo nne kaza kwa ringi kila sentimita 20, na kwenye kona na makutano, kila sentimita 10 kwa urefu wa nusu mita. Ncha za ringi zikunjwe kuelekea ndani ya zege; ringi iliyokunjwa pembe ya mraba tu hufunguka ikivutwa. Weka biskuti za zege za sentimita 2.5 chini na pembeni ili nondo zisilale kwenye tofali.

Kona ndiyo mahali pa kumsimamia fundi ana kwa ana. Desturi iliyoenea ni kukata nondo kwenye kona na kuzipishanisha juu kwa juu, kisha kuzifunga kwa waya. Kwa macho imekamilika. Ukuta ukivutwa, hazina kinachozishika, na kona inafunguka palepale ilipotakiwa kushikwa. Kila nondo inapaswa ikunjwe kona na kuendelea sentimita 60 kwenye ukuta wa pili, ipishane na nondo za huko. Kipimo ni hichohicho, sentimita 60, popote nondo mbili zinapoungana. Mwishoni mwa kila awamu acha nondo zimetokeza sentimita 60 zikisubiri vyumba vinavyofuata, na kiungo cha zege kiwe katikati ya chumba, kisiwe kwenye kona.

Kabla ya kumwaga, chomeka nondo za mm 6 zilizokunjwa kama herufi U, zikipita chini ya nondo kuu, ncha mbili zikitokeza sentimita 50 kila mahali kenchi itakapokaa. Kenchi zikiwa kila mita 1.2, ni sehemu 16 kila upande. Ukisahau sasa, huwezi kuzirudisha baadaye isipokuwa kwa kutoboa zege.

Zege ni 1:2:4, yaani saruji, mchanga na kokoto. Kwa mfuko mmoja wa kilo 50: mchanga ndoo tatu na nusu za lita 20, kokoto ndoo saba, maji lita 25 au pungufu kama mchanga una unyevu. Changanyia juu ya bati au sakafu, kamwe siyo kwenye udongo. Fundi atataka kuongeza maji ili zege itiririke. Mkatalie, mpe kipande cha nondo ashindilie nacho. Maji ya ziada yanaacha vitundu na kupunguza nguvu. Funika kwa magunia na nailoni, mwagia asubuhi na jioni kwa siku 7. Boksi za pembeni zitoke baada ya siku 3, na kenchi zisipande kabla ya siku 7.

*Mkanda wa waya.* Huu unawekwa ndani na nje ya kila ukuta, juu kidogo ya milango na madirisha. Bandua plasta upana wa sentimita 35, chimba viungo vya tofali kina cha sentimita 1.5, safisha na ulowanishe. Weka utepe wa waya wa BRC (wavu wa chuma wa kuimarishia zege) au wavu wa kuchomelea wenye waya usiopungua mm 2, upana wa sentimita 30, ukiwa umeachana na ukuta kidogo kwa vipande vya plasta. Toboa ukuta kila sentimita 60 na upitishe waya mnene wa mm 3 unaofunga utepe wa nje na wa ndani pamoja, kisha jaza tundu kwa uji mzito wa saruji. Paka plasta ya 1:3, saruji moja kwa mchanga tatu, kwa tabaka mbili hadi unene wa sentimita 4. Wima kwenye kila kona weka utepe mwingine unaokunja kona, sentimita 30 kila upande, kutoka msingi hadi juu.

Roli moja ya mita 1.2 kwa 30 inakatwa tepe nne, yaani mita 120. Mkanda wa ulalo pande zote mbili ni mita 121 bila kuhesabu mapishano ya sentimita 30, kwa hiyo nunua roli mbili ili ya pili imalizie na kufanya kona. Saruji ya mkanda wa ulalo ni mifuko 15. Waya wa banda la kuku haufai. Ni laini mno. Na tundu za kuunganisha ndani na nje ndizo zinazorukwa kwanza fundi akichoka, ingawa bila hizo umepaka tu plasta nene.

Ukuta uliojengwa kwa tope unahitaji utepe wa kona zaidi kuliko ukuta uliojengwa kwa saruji, kwa sababu tofali zake zinateleza mapema.

Hatua ya 4: Paa

Kwanza kabisa, teremsha mawe na viroba vya mchanga vilivyowekwa juu ya bati. Vinakaa hapo kwa sababu misumari imelegea; siku ya upepo mkali au tetemeko vitamkuta mtu chini.

Pili, ule ukuta wa pembetatu unaobeba mwisho wa paa. Ni tofali zilizosimama peke yake hewani, na ndizo za kwanza kuanguka nyumba ikitikisika. Ukifungua paa, zibomoe hadi usawa wa mkanda na uzibe kwa kenchi na bati au mbao, ukiacha tundu la hewa lenye wavu. Kwa sababu hiyohiyo hatushauri paa la kuficha kwenye nyumba za kupangisha huku kwetu. Vile vikuta vinavyozunguka juu havijafungwa na chochote, na mfereji wa katikati huziba kwa majani au mvua ya mawe, maji yakaingia chumbani kwa mpangaji saa nane za usiku.

Mbao nunua zilizotiwa dawa. Zinapatikana kwa wingi kutoka Mafinga, kwenye mashamba ya miti ya Sao Hill. Kata ncha uangalie: dawa iwe imeingia ndani, si rangi ya kijani ya juu juu. Ncha unazokata site zipakwe dawa tena. Vipande vinavyobaki visiwe kuni, wala asipewe mama ntilie wa jirani kwa moyo mwema. Dawa ya kijani ina arseniki, na moshi wake na majivu yake ni sumu.

Kenchi kila mita 1.2, zikifungwa kwa zile ncha za mm 6 zinazozunguka mbao ya chini na kukazwa. Papi, mbao za kupigilia bati, kila sentimita 90 au pungufu. Kwenye bati kumbuka namba ikipanda unene unashuka: geji 28 ni nene kuliko 30, na kwa nyumba utakayoipangisha miaka ishirini tofauti ya bei inajilipa. Msumari au skrubu ipite kwenye mgongo wa bati, siyo bondeni, ikiwa na raba. Kwenye ukapi, kileleni na pembeni mwa paa piga kila mgongo, kwa sababu upepo huanza kunyanyua pembeni. Sehemu za katikati mgongo mmoja ruka mmoja.

Paa la baraza litengeneze peke yake, lisiwe mwendelezo wa bati moja na paa kubwa. Upepo unaingia chini ya baraza kwanza. Likinyanyuka peke yake umepoteza mabati machache, likiwa limeungana litaondoka na la vyumba. Nguzo zake zikae kwenye zege na kufungwa kwa chuma. Nyingi zimesimama tu juu ya sakafu.

Hatua ya 5: Nyufa na plasta

Maji yameshatoka na kuta zimefungwa, kwa hiyo ufa uliotulia sasa unashonwa. Chimba kiungo cha tofali kina cha sentimita 4, kila kozi ya nne, nusu mita kila upande wa ufa. Safisha, lowanisha, laza nondo ya mm 8 yenye urefu wa mita 1 ndani ya plasta ya 1:3, uifunike. Ufa wenyewe ujaze baada ya hapo.

Fundi atakuambia: "Bosi, hapa tupige plasta tu, hautaonekana." Hautaonekana hadi Januari.

Kwa ukuta wa saruji, plasta ya 1:5 inatosha. Kwa ukuta wa tope tumia iliyo laini: saruji 1, chokaa 1, mchanga 6. Plasta kali juu ya tope haishiki; inakauka ikiwa gamba, inatoa sauti tupu ukigonga na kudondoka vipande vizima. Rangi subiri wiki nne.

Hatua ya 6: Baridi, na mkaa

Chumba chenye bati tupu bila dari kinapoteza joto lote usiku, na alfajiri matone yanadondoka kutoka kwenye bati hata kama hakukunyesha. Dari ndiyo blanketi la bei nafuu kuliko yote. Kwa nyumba ya kupangisha tunapendelea plywood ya mm 6 iliyopigiliwa kwenye fremu ya sentimita 60 kwa 60: ni nyepesi, na ikilowa unabadilisha kipande kimoja, wakati jipsamu iliyolowa inashuka yote. Acha hewa ipite kati ya dari na bati kupitia yale matundu yenye wavu ya mwisho wa paa.

Dirisha ukiliongeza, liongeze upande wa kaskazini. Juni na Julai jua la mchana linapita kaskazini yetu, kwa hiyo dirisha hilo linapata jua wakati unalihitaji. Liwe sentimita 60 au zaidi kutoka kona, na jumla ya milango na madirisha isizidi nusu ya urefu wa ukuta. Mlangoni weka kizingiti na raba ya chini.

Sasa tahadhari, na hii isirukwe. Ukishaziba baridi, umeziba pia hewa. Mpangaji akiingiza jiko la mkaa ndani usiku apate joto, kaboni monoksidi hujaa chumbani. Haina rangi wala harufu, na mtu hulala moja kwa moja. Kila chumba kiwe na matundu mawili ya sentimita 15 kwa 15, moja juu na moja chini, pande tofauti za chumba ikiwezekana. Wapangaji wataziba kwa matambara kama upepo unawapiga usoni, kwa hiyo tumia tofali za matundu zilizopinda ndani, au weka kibao mbele yake. Jenga jiko la pamoja uani lenye paa na bomba la moshi. Kisha mwambie kila anayeingia, kwa mdomo na kwenye mkataba: mkaa hauwashwi wala haulali ndani, hata ukiwa umebaki majivu mekundu. Akiamka na kichwa kinauma na kizunguzungu, atoke nje kwanza, awatoe wenzake, kisha hospitali.

Hatua ya 7: Umeme

Mtumie fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Wewe kagua haya: taa waya wa mm 1.5 na breka ya ampea 10. Soketi mm 2.5 na breka ya 20. Shawa ya umeme, inayokula hadi kilowati 5.5, waya wake peke yake wa mm 4 na breka ya 32. Mbele ya zote kuwe na breka ya kukata umeme unapovuja, ya miliampea 30, na waya wa ardhini uliofungwa kwenye fimbo ya mita 1.2 iliyozama ardhini. Breka ikikata mara kwa mara, usiibadilishe kwa kubwa zaidi; wapangaji wanachemsha maji kwa heta za kuzamisha kwa wakati mmoja, na kinachotakiwa ni laini nyingine ya waya. Kila chumba kiwe na submita yake. Ugomvi wa Luku nusu yake unaisha hapo.

Kuhusu kuongeza ghorofa

Swali hili huja baada ya mkanda kumwagwa, kwa sababu sasa juu panaonekana pagumu. Jibu ni hapana kwa kuta za tofali za kuchoma zisizo na nguzo, na msingi uliochimbwa kwa ajili ya bati. Ghorofa ni nguzo, bimu na msingi mpya, michoro ya mhandisi, kibali kipya na mkandarasi aliyesajiliwa CRB, bodi ya usajili wa makandarasi. Kama kodi ya vyumba sita haitoshi, jenga vingine viwili pembeni, ukiacha mwanya wa sentimita 5 kati ya nyumba mbili badala ya kuzigandisha.

Kila Oktoba

Panda ngazi na uguse kila msumari wa ukapi. Uliolegea ng'oa, weka skrubu yenye raba nene zaidi. Toa majani kwenye gata. Fagia mifereji, angalia udongo haujapanda tena juu ya jamvi. Soma tarehe kwenye vile viraka vya saruji. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, chukua mwavuli uzunguke nyumba ingali inanyesha, na uweke kigingi kila mahali maji yanaposimama. Asubuhi yake mwite fundi na jembe.